Ukoo wa Moshi

Kinanda alikuwa amefika nusu ya kikombe cha chai ambacho hakuwa na nia ya kukilipia, aliposikia mama na mwana wakizozana jikoni. Akaacha kunywa. Ugomvi wa watu wengine ndio uliokuwa shamba lake.

Sheria mpya ilikuwa imepiga marufuku sigara katika kila mahali pa biashara, na Bi Sinia, mwenye mgahawa, alikuwa amekimbiwa na nusu ya wateja wake, wale ambao tonge halikuwashuka mpaka lisindikizwe na moshi. Alifoka kwamba meza ni zake, viti ni vyake, paa ni lake. Hao wanaomchagulia hewa, lini walimnunulia hata kijiko?

“Paa ni lako, mama,” alijibu binti yake, ambaye ndiye aliyekuwa mpishi. “Mapafu ni yangu. Moshi ukirudi humu, natoka. Utapika mwenyewe.”

Tishio hilo lilikuwa zito. Bi Sinia akichemsha yai, yai lilitoka bichi na sufuria imeungua.

Binti alipokwenda sokoni, Kinanda alijongea na kikombe chake.

“Mama, sheria inakataza sigara nyumbani kwa mtu?”

“Nyumbani hapana.”

“Na nyumbani ni wapi, kama si pale penye ndugu?”

Akamfafanulia taratibu, kama anayembembeleza mtoto kumeza dawa. Anayekula kwa ndugu yake si mteja. Basi wavutaji wote wafanywe ndugu, kila mmoja atoe kiingilio katika mfuko wa ukoo, na yeye Kinanda autunze kwa cheo cha mjomba. Wateja watarudi, sheria itabaki mlangoni ikipiga miayo. Kwamba mfuko huo ungepanda naye basi la Jumamosi jioni, hilo hakulitaja. Mjomba mwenye busara hasemi kila kitu.

Kufikia Jumamosi adhuhuri ukoo ulikuwa umefurika. Mwashi alikuwa binamu, dereva wa teksi baba mdogo, na fundi bomba, kijana asiye na hata ndevu, alikuwa babu, kwa kuwa alitoa kiingilio kikubwa kuliko wote.

“Huyu mshona viatu ni shemeji yangu kwa upande gani?” aliuliza Bi Sinia.

“Upande wa mlangoni,” alisema Kinanda.

Moshi ulitanda hata ukuta wa pili haukuonekana. Cha ajabu, binti hakuondoka. Alijifunga kitambaa puani, akatoka mara moja kwenda mtaani, akarudi akitabasamu. Kinanda hakujali. Alikuwa akiupapasa mfuko na kuwazia kiti cha dirishani.

Ndipo mlango ulipofunguka, akaingia mtu mrefu mwenye koti jeupe na uso uliofungwa kama duka siku ya mapumziko. Sigara zikajificha chini ya meza, moshi ukaendelea kuzisaliti.

Kinanda alipiga hesabu ya haraka: bwana afya akifunga mahali hapa, ndugu wote watadai viingilio vyao. Akajitosa.

“Karibu, mheshimiwa. Hapa si biashara. Ni nyumbani, na hawa wote ni ukoo mmoja.”

Yule mtu aliutazama ukoo huo, uliofanana kama nyundo na mto wa kulalia, akauliza umekusanyika kwa ajili gani.

Macho ya Kinanda yalitangatanga yakamkuta binti, upawa mkononi. “Tunamsherehekea binti yetu. Amepata mchumba.”

“Hongereni. Na chakula? Kila mtu analipa?”

Akisema ndiyo, ni biashara. “Mjomba ndiye anayelipa,” alisema Kinanda.

“Mjomba yupi?”

Ukoo mzima, kwa upendo usio kifani, ukamnyooshea kidole.

Waliokuja kwa chai wakaagiza nyama. Babu akaagiza mara mbili. Mwenye koti jeupe akavuta kiti, na Bi Sinia, ambaye pua yake ilishanusa biashara, akaleta sinia baada ya sinia.

“Mjomba,” binti alisema kwa unyenyekevu wa kutisha, “mimi siombi zawadi. Naomba moshi utoke tu.”

Mwenye koti akamkazia Kinanda macho. Basi Kinanda akazunguka meza moja moja na kisosi mkononi, akizima sigara za jamaa zake, na hakuna aliyebisha, maana ni nani atakayegombana na mjomba huku anatafuna nyama yake? Hivyo ndivyo kisosi kimoja kilivyofanya kazi iliyoishinda sheria nzima.

Sahani zilipokauka, Bi Sinia akanyoosha kiganja. Mfuko wa ukoo ukaingia humo wote, na Kinanda akatabasamu kwa meno yaliyokuwa yakimuuma. Mtaani, basi lilipiga honi likapita.

Kisha akamwona binti akimfuta yule mheshimiwa mchuzi kidevuni kwa ncha ya aproni, polepole, bila haraka yoyote ya kiofisi.

“Samahani,” alisema Kinanda. “Wewe ni wa ofisi gani?”

“Ofisi? Mimi kinyozi, mjomba, hapo mtaa wa pili. Mchumba mwenyewe ndiye mimi.” Akampa mkono kwa heshima zote. “Pita kesho nikunyoe. Ndugu simtozi.”

“Usijisumbue,” alisema babu, akichokonoa meno. “Huyu ameshanyolewa.”