Kocha Mngoni na Kiti Changu cha Mbele

Jumatatu, 8 Septemba

Kocha mpya amefika. Anaitwa Mbano, Mngoni wa Songea, filimbi shingoni, miguu mifupi. Nilimpokea vizuri. Nilimpa mkono, nikampa na ushauri kuhusu beki wetu wa kushoto. Akasema ahsante, kisha akatangaza mbele ya wote kwamba kuanzia leo shabiki hapandi basi la timu.

Shabiki! Mimi ni Nassoro fundi cherehani. Kiti cha mbele kwenye Kosta ya timu yetu, Nyota ya Mikindani, pembeni ya dereva, ni changu tangu Kosta hiyo ingali na rangi. Kocha aliyepita alinisikiliza. Tulifungwa, ndiyo, lakini tulifungwa kwa mashauriano.

Jumamosi hii tunacheza nyumbani. Jumamosi ijayo tunakwenda Masasi. Nimeapa: siku hiyo mimi niko kiti cha mbele, na Mbano yuko kwao Songea. Nikamweleza mke wangu. Mwaisha akauliza suruali ya mwalimu itaisha kushonwa lini. Kuna watu hawaoni mambo makubwa.

Jumanne, 9 Septemba

Mpango wa kwanza: kumvunja moyo. Nilisimama nyuma ya goli wakati wa mazoezi, nikapaza sauti: babu zako walikuja nchi hii wakikimbia, ndiyo maana na wewe hujui kufundisha kingine ila kukimbia!

Wachezaji wamesimama. Nikajisikia vizuri sana.

Kocha akageuka, akauliza huyo ni kabila gani. Chande muuza kahawa, ambaye hajawahi kunitakia mema, akadakia: Myao huyo, kocha, wa Tunduru, katulowea hapa miaka na miaka.

Mbano akacheka mpaka akashika magoti. Mtani wangu! Akasema tangu afike alikuwa anatishika, mji mzima wa adabu, hana hata mtu mmoja wa kumtukana. Akaja, akanivua kofia, akaivaa yeye, akaendelea na mazoezi.

Nilisahau! Wangoni na Wayao ni watani. Babu zetu walipigana, sisi tumerithi ruhusa ya kutukanana. Mtani haudhiki. Na akichukua kitu chako, huna polisi wa kumshtakia. Kofia ile nilinunua kwa ajili ya Idi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nilirekebisha mpango. Leo sikufanya mzaha. Nilikunja uso, nikamwambia taratibu kama hakimu kwamba mpira haujui, aondoke kabla hatujashuka daraja. Akanipigia makofi. Akasema Wayao wa Songea hawana ufundi kama huo, wao hucheka kabla hawajamaliza.

Mchana akaja nyumbani bila kualikwa. Mwaisha alikuwa amepika pweza wa nazi. Kocha akamtazama pweza, akasema mnyama wa miguu minane anaishi hapa pwani na bado timu yenu haifungi. Mwaisha, mke wangu wa ndoa, akacheka! Kocha alipoondoka alipita bandani, akabeba kuku wetu mtetea kwapani, akaniaga kwa heshima zote.

Mwaisha kanishauri nimfukuze haraka au niache kabisa, maana nikichelewa tutabaki na banda tupu.

Ijumaa, 12 Septemba

Redio. Kipindi cha michezo kinapokea simu za wasikilizaji. Nilipiga, nikabana pua, nikasema naitwa Mzee Asadi, mvuvi wa Mnazi Bay, na kwamba sisi wazee wa Mnazi Bay tunamkataa kocha huyu.

Kumbe mgeni wa studio leo ni yeye mwenyewe. Akasema hewani: mtani Nassoro, hujambo? Kuku alikuwa mtamu.

Nilipofika kwa Chande, kila mtu alikuwa amebana pua. Nikanywa kahawa yangu nimesimama.

Jumamosi, 13 Septemba

Nilitunga wimbo: Mbano rudi, Songea wanakulilia! Nikaufundisha jukwaa zima. Waliuimba kwa furaha mno. Hata kocha aliupigia mluzi. Nikaona jambo la ajabu: wanamwimba kama mtu wao. Mimi ndiye niliyewapa wimbo!

Lakini tumefungwa bao moja, na kamati imetamka: akifungwa na Masasi, afungashe virago. Sikuhitaji kufanya lolote zaidi. Nimekula wali sahani mbili.

Jumanne, 16 Septemba

Mama yake Mbano amefariki huko Songea.

Basi lake ni alfajiri ya kesho. Watu walijaa nyumbani kwake Rahaleo, alikopanga, lakini hana ndugu hata mmoja mji huu. Tangu habari zifike amekaa kwenye mkeka, hali wala hanywi.

Jioni Chande alibisha hodi kwangu. Mara hii hakubana pua. Akasema: Bwana Nassoro, sisi pale tumeishiwa maneno. Mtani ni wewe.

Nikasema nina mafua. Mwaisha akaniletea viatu.

Njiani nilikuwa natafuta la kusema. Sina. Niliyonayo ni yaleyale niliyomwandalia ya kumfukuza. Basi nikafika, nikajilaza chali mlangoni kama desturi ya watani msibani inavyotaka, nikasema hapiti mtu. Nikasema mama huyu tunamjua sisi watani, alikuwa mtu wa haya: kaona Jumamosi mwanawe anakwenda kufungwa na Masasi, kaona bora asiwepo.

Nikawaza, Nassoro, leo umeua.

Kocha akainua kichwa. Mabega yakaanza kumtikisika. Sikujua ni kicheko au kilio, na nadhani hata yeye hakujua, vilitoka kwa pamoja. Akasema mama angenijibu vibaya sana. Akaanza kutusimulia jinsi mama huyo alivyokuwa akimtukana hata paroko. Watu wakacheka, wakalia. Tatu, mama mwenye nyumba, akaleta uji, na kocha akaunywa wote.

Nimekuwa nikiwaza hilo. Wiki nzima niliyarusha maneno yale yamuumize, hayakumuumiza. Leo ni maneno yaleyale, nayo yakamnywesha uji. Sijui ni nani kati yetu aliyekuwa anayaelewa.

Mtani mlangoni hainuki bure. Kocha akaniuliza nataka nini nimpishe. Ningeweza kusema sitaki kitu. Ningeweza kudai kofia, au kuku. Mdomo wangu ukasema: kiti cha mbele.

Rahaleo nzima iliangua kicheko. Kocha akafuta macho, akasema chukua, mtani, lakini kawaangalie vijana wangu nikichelewa.

Jumamosi, 20 Septemba

Masasi! Nilikaa kiti cha mbele njia nzima. Hewa safi, barabara yote yangu.

Kocha alitukuta uwanjani. Kutoka Songea basi linapita Tunduru mpaka Masasi, naye aliteremkia hapohapo, vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakulala. Hakufoka. Wakati wa mapumziko nilimwendea kumnong'oneza habari ya beki wa kushoto, nikamkuta anakitazama kidole chake tu, anaizungusha pete ya kike, ndogo, inaishia kwenye fundo la kidole. Nikarudi zangu. Huenda ndio ushauri wangu bora msimu huu.

Tumeshinda bao moja. Aliyefunga ni beki wa kushoto.

Baada ya mechi kocha akanirudishia kofia, na mtetea mwekundu aliyefungwa miguu kwa kitambaa. Wa bandani kwa mama, akasema. Nikaivaa kofia, nikambeba mtetea kwapani.

Jumapili, 21 Septemba

Kamati imesema kocha anabaki. Nimewaambia kwa Chande kwamba mimi nilimkubali tangu siku ya kwanza. Chande akabana pua.

Mtetea ametaga. Mwaisha kasema huyu wa Songea asiguswe. Suruali ya mwalimu bado.

Ila kuna jambo lilinikera jana. Amiri, dereva wa Kosta. Nilimshauri lini abadilishe gia, akaniomba nikae kimya. Nilipoigusa breki ya mkono, kidogo tu, kwenye kona, akaniambia mbele ya wachezaji kwamba safari ijayo nitakaa nyuma na ndoo za maji. Mimi! Huyu dereva hatufai. Msimu haujaisha, tunahitaji mtu mpya.

Kabila lake silijui. Kesho nitamtukana kidogo, nione.