Mswada wa Kuvunja Ukiritimba wa Dawa Kabati

Jumatatu, 8 Machi 1993
Nimemaliza mswada. Ukipita bungeni, kila mwenye leseni ataagiza dawa kwa uhuru, na Mzee Mwangangi, mwenye duka pekee la dawa hapa Kabati, ataonja ushindani. Vidonge vya pumu vya mama vimepanda bei tena. Nilimsomea mama utangulizi. Aliuliza kama kuna dawa humo ndani.

Jumatano, 10 Machi
Mheshimiwa mbunge hakunipokea. Karani wake aliuliza kama ni mimi niliyeandika ule mswada wa mbuzi. Ni mimi. Basi wananchi watatangulia serikali: nilisimama sokoni nikawashauri wateja wa Mwangangi wasinunue kitu, kwani bei itaanguka sheria ikipita. Makofi mengi. Mama Syokau alirudisha chupa ya dawa ya kifua, ikiwa nusu, akadai fedha zake.

Jumapili, 14 Machi
Duka halina mteja hata mmoja. Ushindi wa hoja. Baada ya ibada Mwangangi aliniita wakili wa bei, akauliza ni mjinga gani atakayeleta kutoka Nairobi mzigo ambao msomi ameshautangazia hasara. Nilimtajia wanauchumi wawili. Alisema basi hao wawili walete dawa. Washirika walicheka, nami nilichelewa kutambua wanamcheka nani.

Ijumaa, 19 Machi
Vidonge vya mama vimekwisha. Mwangangi ameondoa mzigo wake; rafuni zimebaki dawa za minyoo. Nilimsihi aniagizie pakiti moja tu. Alisema pole, mwanangu, hata yeye anangoja sheria. Nilimfafanulia dada yangu Kasyoka kwamba huu ni uhaba wa mpito. Aliuliza kama mama naye apumue kwa mpito.

Jumatatu, 22 Machi
Mwangangi amefunga duka na kuhamia Kitui mjini. Kwa mujibu wa kanuni zote, ukiritimba Kabati umekwisha. Nilimpa mama habari hiyo. Pumzi aliyokuwa nayo haikutosha kwa maneno.

Jumanne, 23 Machi
Hospitalini, Kitui. Usiku kucha nilidhani tunampoteza. Alfajiri alichomwa sindano, na sasa amekaa kwenye benchi la nje, akipumua. Vidonge hospitali haina. Tumeelekezwa duka lililo mkabala na lango. Mwenye duka ni Mwangangi. Dawa hiyo anayo yeye peke yake, kwa bei ya kutisha, na foleni imefika barabarani.

Nimetambua kosa langu. Kabati palikuwa padogo mno kwa hoja hii. Hapa pana umma wa kutosha.

Nilipokuwa nikivuka barabara kwenda kuzungumza na foleni, nilimsikia mama, kwa pumzi yake ya kwanza nzima tangu Ijumaa, akimwambia Kasyoka akimbie akanunue kabla sijaanza.