Riyali Tano Katika Sahani ya Huwaida

Ibra, Jumatatu, baada ya Alasiri

Kwa Kaka yangu Ishak bin Asaad,
Mstaafu wa benki na mtaalamu wa fedha wa ukoo mzima,
Nizwa.

Kaka mpenzi,

Shikamoo. Sikuulizi hali, maana jana tu tumezungumza na umenieleza magoti yako yote, la kulia na la kushoto. Leo nakuandikia rasmi, kwa kalamu na karatasi, kwa sababu jambo lenyewe ni la dola, la serikali, na halifai kusemwa kwa simu huku wewe unatazama mpira.

Juzi nilisikia katika khabari kuwa nchi moja ndogo, jina limenitoka, imeacha fedha yake yenyewe na sasa inatumia fedha ya taifa jengine. Mtangazaji alilisema hilo bila ya haya, kama anasoma hali ya hewa. Nikasema lo, masikini, na wao yamewafika yaliyotufika sisi kichochoroni.

Kichochoro chetu unakijua. Nyumba tisa, mwanzo kwa Yaarub mwenye mbuzi, mwisho kwangu, na mlango unaotazamana na wangu ni wa Huwaida. Tangu turudi Oman kutoka Unguja sisi ni nchi ndogo yenye fedha yake, nayo ni sahani. Jirani akikuletea chakula, sahani yake huirudishi tupu, kama marehemu mama alivyotufunza. Na thamani kila mtu akiijua bila ya kuandikiwa. Mkate wa kumimina mzima ulikuwa sawa na bakuli la harisa lenye samli juu. Vitumbua sita vilikuwa sawa na kaimati kumi na mbili. Tende ndiyo ilikuwa chenji. Miaka arubaini na ushei fedha hiyo haikushuka hata siku moja, na wewe na benki yako hamwezi kusema hivyo.

Sasa sikiliza malalamiko yangu, nimeyapanga kwa nambari ili usiruke.

1. Baada ya Idi ndogo, Huwaida alileta harisa. Sahani yake ilirudi kwake ikiwa na noti ya riyali tano, imekunjwa vizuri na kufunikwa kitambaa. Nani aliyeitia humo? Aliyeibeba ni mjukuu wangu Raghad, na katika nchi yoyote yenye sheria, aliyekamatwa na mzigo ndiye mshitakiwa. Tena huyu mtoto anafanya kazi ofisi yenye kiyoyozi, Kiswahili chake ni "nipe maji" na "sitaki", na vitumbua anavijua kwa kuvila. Wewe mwenyewe ulimpigia simu ukamgombeza, nami nilikuwa nimekaa pembeni nikitikisa kichwa.

2. Siku ya tatu Huwaida aliituma kwangu sahani ile ile, ndani yake riyali kumi. Hapo ndipo nchi ilipoharibika. Mazoon wa nyumba ya kati aliona, naye si mtu wa kupitwa, akampelekea Yaarub ishirini. Mwezi haukwisha, nyumba zote tisa zinapelekeana noti. Yaarub, ambaye zamani akirudisha sahani kwa tende saba na dua, ilimbidi aende soko la Sinaw akauze mbuzi wawili apate cha kumrudishia Mazoon. Mbuzi wenyewe walikuwa na mimba. Nakuuliza wewe uliyesoma mambo haya, nchi gani inauza mbuzi wenye mimba ili irudishe sahani?

3. Majiko yamelala. Zamani ukiingia kichochoroni jioni, pua inakwambia nani anapika nini na nani kaunguza. Siku hizi nyumba tisa zinanuka dawa ya kusafishia sakafu. Nazi ninazo kumi, zinaniangalia.

4. Na hata hiyo noti sasa imekufa. Mazoon ameleta ustaarabu mwengine, anatuma kwa simu. Unasikia mlio, unatazama, umepokea riyali kumi na picha ya sahani. Picha, Kaka. Mwezi uliopita nilifunga Alkhamisi, na magharibi simu ikalia mara tatu. Nikafuturu kwa tende za dukani na chupa ya maji ya Tanuf, mbele yangu riyali thelathini ambazo haziliki.

5. Hili nimeliweka mwisho kwa kuwa linaniuma. Huwaida hajaingia ndani kwangu miezi mitatu. Alikuwa akileta sahani mwenyewe, akisimama mlangoni na kusema haingii, ana haraka, kisha akikaa mpaka adhana ya Magharibi. Tulikuwa tukizungumza Kiswahili chetu kile cha Mji Mkongwe ambacho hapa hakuna mwengine anayekifahamu chote. Sasa nazungumza na nani? Fedha haikai barazani. Ukishaitoa umemaliza, kila mtu na mlango wake. Na wiki iliyopita Mazoon akanambia, tena katikati ya mambo mengine, kuwa mwanawe Huwaida anamhamishia mama yake Sur, Jumamosi hii. Jirani wa miaka arubaini anahama, nami naambiwa na Mazoon.

Kwa hivyo, kwa heshima na taadhima, naomba utumie ujuzi wako na watu unaowajua huko kufanya yafuatayo:

(a) Itangazwe kuwa riyali ni fedha ya kigeni ndani ya kichochoro chetu. Serikali inaweza kuendelea kuitumia Oman iliyobaki, mimi sina kinyongo.

(b) Thamani ya kubadilishia ipangwe. Mimi napendekeza kitumbua kimoja kwa riyali ishirini, na kisishuke.

(c) Raghad ahukumiwe kujifunza mkate wa kumimina, kuanzia kuroweka mchele mpaka kuupindua usivunjike, bila ya msamaha wa Idi.

(d) Huwaida azuiwe kutoka nchini. Si kwa ajili yangu, hasha. Ni kwa sababu ana sahani zangu mbili za maua ya buluu, zile za mama, nazo ni hazina ya taifa. Hazina ya taifa haiendi Sur.

Najua utasema dada yako amezeeka na anachanganya nyumba na nchi. Basi nitajie nchi gani iliyowahi kuwa kitu chengine isipokuwa majirani na vyombo vyao.

Nisalimie wifi yangu Tufool, nisalimie watoto na wake zao, na yule jirani yako wa ukuta wa nyuma ambaye hupendi nimsalimie, msalimie. Magoti yapake mafuta ya karafuu.

Ni mimi dada yako, mtiifu kwako katika mambo ya fedha tu,

Amna binti Asaad

Tanbihi. Bahasha nilikwisha kuigundisha, nimeichana tena. Ile noti niliitia mimi. Siku ile vidole vyangu vilikuwa vimevimba hata mfuniko wa mkebe wa unga ulinishinda, na nazi sijakuna tangu mwezi wa Rajab. Niliona haya kurudisha sahani tupu, na haya zaidi kumwambia Huwaida kuwa mikono imekwisha. Raghad aliibeba tu. Matusi yote ameyala yeye, ya kwako pia, na hakunitaja hata kwa mama yake. Mpigie simu umtake radhi, na umtake radhi kwa Kiarabu ili aifahamu yote.

Leo, baada ya kuandika barua hii, nilimpa Raghad sahani ya Huwaida aipeleke tupu kabisa, nikamwambia amwoneshe kwa mkono wake jinsi vidole vyangu vilivyo. Kabla hajarudi, Huwaida mwenyewe kaingia, bila ya kubisha, na sahani zangu mbili kwapani. Akasimama kati ya ukumbi akanambia, "Amna, mimi nilidhani umenilipa ili tusidaiane tena." Nikalia, na yeye akalia, kisha akauliza nazi ziko wapi. Hivi sasa nasikia jikoni anamkemea Raghad kwa kukuna mpaka kwenye kifuu, na Raghad anacheka. Mchele ulikuwa umerowekwa tangu jana, sijui mimi nilikuwa namrowekea nani.

Sur anakwenda, Jumamosi ile ile, hilo halibadiliki. Kwa hivyo maombi yangu yafute yote, khasa la (d). Zile sahani mbili za mama nimemlazimisha azichukue, na mkate ndani yake, aende nazo. Sasa itambidi azirudishe, na tupu hawezi.