Mikrofoni Nane za Padri Flavian

Jumatatu, 6 Juni 1994
Nina hasira na Kasmir. Mazwi nzima mafundi redio ni mimi na yeye, na yeye ndiye kaletewa mikisa ya kuchanganyia sauti kutoka Zambia, kupitia mpaka wa Kasesya. Sasa kila sherehe anaitwa Kasmir.

Basi na mimi nimeng'oa chipu kwenye mtambo mbovu wa simu. Ina njia nane za kuingizia sauti na moja ya kutolea. Mikisa ni nini kingine?

Jioni kaja Mama Silvana wa Chanji. Mwanawe Flavian amepata upadri, na Jumapili anasoma misa yake ya kwanza nyumbani. Mama anataka hata aliyekaa mwisho amsikie. Kasmir alimwahidi mikrofoni nne. Mimi nimemwahidi nane. Kazi nimepewa mimi.

Jumatano, 8 Juni
Nimeungua vidole nikichomelea. Chipu ina miguu mitatu ya kuchagulia njia. Nichague ya nini? Mimi nazitaka zote. Nimeifunga yote kwenye waya wa hasi.

Kasmir kaingia bila hodi, kachungulia, kasema chipu hiyo haichanganyi sauti. Inapitisha njia moja tu, ile miguu iliyoichagua, nyingine zinangoja. Nikamwambia atoke. Wivu.

Ijumaa, 10 Juni
Nimejaribu mikrofoni ya kwanza. Safi kabisa. Zilizobaki ni ndugu zake, hazina haja ya kujaribiwa.

Jumapili, 12 Juni
Hasira tupu.

Padri Flavian kafungua mdomo, spika kimya. Kwaya ikaimba, ikatoka sauti moja tu: ya Maganga, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga, anayeimba besi. Ndiye aliyesimama kwenye mikrofoni ya kwanza. Nikapiga sanduku ngumi. Wapi.

Yakaja mahubiri. Padri tunamwona midomo inacheza. Kwenye spika tunamsikia Maganga akimnong'oneza jirani yake: "Kijana kakonda huyu. Huko seminari walikuwa wanamlisha nini?"

Watu wakacheka, hata padri mwenyewe. Mama Silvana hakucheka. Alinifuata nyuma ya spika, na kitenge chake kipya, akasema taratibu, "Eustaki, nimengoja miaka yote nimsikie mwanangu. Nimemsikia Maganga."

Kasmir akapanda baiskeli, akarudi na mikisa yake, na baraka ya mwisho ikasikika hadi barabarani. Mama akalia kwa furaha. Kasmir hakudai hata chai. Hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

Jumanne, 14 Juni
Jana nililala kutwa. Leo nimeliona kosa: chipu niliitumia upande usio wake. Inakubali pia kinyume, sauti iingie kwa njia moja na kutoka kwa nane.

Fabiani mwenye baa ana vyumba vinane, na Kombe la Dunia linaanza Ijumaa. Nimemwahidi redio moja, spika nane, goli lisikike kila chumba kwa mpigo. Amekubali, na ameshawatangazia wateja.

Kasmir katuma mtu kusema ana neno na mimi. Nimejibu nina kazi.