Simu ya Pili Chumbani

Jumatatu, 3 Juni 1996

Siku ya tatu kifungoni. Mama mkwe alifika Jumamosi kutoka Mwala kutibiwa macho, na atakaa wiki mbili. Sina neno naye. Lakini nthoni ni nthoni: mimi na mama wa mke wangu hatutazamani, hatuketi chumba kimoja, hatusemezani. Aliyechora nyumba hizi za Komarock hakuwa Mkamba. Sebule ni moja tu, na yeye ndiye ameikalia. Mimi naingilia mlango wa jikoni, najitupa chumbani, nalia ugali kitandani kama mgonjwa.

Ningevumilia. Ila leo Bi. Shamso, mkubwa wetu ofisini, ameniita pamoja na Sylvance Okoth, ambaye pia ni jirani yangu wa nyuma. Karani mkuu wa masjala anastaafu na mmoja wetu atachukua nafasi. Ijumaa baada ya chakula cha mchana twende nyumbani tukasubiri. Wakubwa watakata shauri, naye atatupigia saa kumi na moja jioni. Jumamosi alfajiri anasafiri hadi Jumatatu, kwa hiyo anataka mtu wa kuja kuchukua funguo jioni hiyo hiyo. Asiyepatikana, akasema, ataonekana hakuwa na haja.

Miaka kumi na minne nakitazama kile kiti! Okoth ana miaka tisa na tai nyingi.

Simu yangu iko sebuleni, kando ya kochi. Kwenye kochi yuko mama mkwe.

Jioni simu ikalia. Nilikuwa nyuma ya pazia la korido, hatua nne tu. Mama mkwe akainua, akasema hapa hakuna mtu, akairudisha. Sikuweza hata kukohoa. Nikarudi kitandani kutafakari.

Jumanne, 4 Juni

Nimepata dawa. Simu ya pili, chumbani.

Nthoki, mke wangu, akasema hakuna haja. Ijumaa yeye atapokea kisha aje kunieleza. Nikamwambia karani mkuu hapokei ujumbe wa kupelekewa chumbani. Akasema basi niwaombe watu wa simu waje kuunganisha. Nikacheka. Hii ya kwanza niliingoja miaka minne. Simu ni nyaya mbili. Nani hajui kufunga nyaya mbili?

Sokoni Gikomba nimepata simu nyekundu, nzuri sana, ila tarakimu ya saba haizunguki. Muuzaji aliapa kwamba saba haitumiki sana. Na mimi shida yangu ni kupokea.

Nthoki akampeleka mama yake kumsalimia Mama Clare, nyumba ya pili. Nikawa na dakika ishirini sebuleni kwangu mwenyewe. Nilikaa kwenye kochi kidogo, kwa ajili ya kumbukumbu. Kisha waya: nyuma ya kabati, juu ya mlango, korido, hadi kwenye kitanda. Misumari kumi na tisa, kidole kimoja. Nikainua mkono wa simu. Mlio! Safi, kama wa sebuleni.

Nthoki akauliza simu ikilia itakuwaje, maana zote mbili zitalia. Nikamweleza polepole: atakayewahi ndiye anapewa laini, ile nyingine inajifunga yenyewe. Akauliza nimejua vipi. Nikamwambia ndivyo akili inavyosema. Wanawake wana maswali.

Jumatano, 5 Juni

Jaribio la kwanza. Nilimpigia Munyoki, binamu yangu, karani wa stoo katika kiwanda kimoja huko Baba Dogo. Namba yake haina saba. Kila nikizungusha, ile ya sebuleni ilikuwa ikitoa ting, ting kidogo. Nadhani ni namna ya simu kusalimiana.

Tumeongea nusu saa nimelala chali. Raha iliyoje. Nikamweleza mpango wa Ijumaa, ambao ni wangu mwenyewe na siuoni dosari. Kuanzia saa kumi, Munyoki atampigia Okoth nyumbani na kumshika kwenye laini. Aongee lolote: harambee ya kwaya, shamba linauzwa, mradi asiachie. Bi. Shamso akipiga kwa Okoth, laini ina mtu. Akipiga kwangu, Muasya hapa, habari ya jioni. Nani atapewa funguo?

Munyoki akauliza kifungo kinaendeleaje. Nikamwambia ukweli. Kwamba mama mkwe anakohoa usiku kucha, anaimba nyimbo za kanisa kabla ya jogoo, na kwamba asubuhi nilizisikia chapati tano zikishuka. Macho hayaoni, nikasema, lakini sahani anaiona. Tulicheka sana.

Laini ilikuwa na upepo fulani, kama mtu anahema. Waya wa Gikomba. Nimekaza msumari.

Alhamisi, 6 Juni

Mama mkwe hataki kula. Nthoki amempikia chapati, akachukua nusu, akasukuma sahani. Anasema watu wa Nairobi huhesabiana chakula. Nikamwambia Nthoki asijali, wazee hupatwa na mawazo ya namna hiyo bila sababu yoyote. Nthoki akanitazama sana.

Ofisini Okoth amenipa mkono, akasema atakayepata, tubaki ndugu. Akaniuliza kama mama mkwe anaendelea vizuri. Mtu huyu ni mjanja sana. Nilimjibu vizuri huku namhurumia.

Ijumaa, 7 Juni

Niandike yote.

Saa tisa nilimtuma Nthoki kwenye kliniki kuchukua dawa ya macho ya mama yake, ili asije akanipokelea simu. Nikaoga, nikavaa shati jeupe na tai, nikaketi kitandani. Saa kumi Munyoki alinipigia kwa haraka: anaanza kazi.

Saa kumi na moja kasoro dakika tatu ikalia. Nikainua. Muasya hapa, nikataka kusema. Mdomo ulishafunguka. Ndani ya sikio langu mama mkwe akasema, haloo.

Laini haikujifunga. Tulikuwa watatu: Bi. Shamso mjini, mama mkwe sebuleni, na mimi. Sauti yake sikioni mwangu, karibu kuliko chumba kimoja! Nitasemaje mbele yake? Baba yangu angefufuka. Nikashika mkono wa simu kwa mikono miwili na kunyamaza.

Wakasalimiana vizuri. Bi. Shamso akaomba kuongea na Bwana Muasya. Mama mkwe akafikiri. Yeye ni mama wa kanisa, hasemi uongo. Akasema yeye ni mama mzazi wa mke wa huyo bwana, yuko katika nyumba hii tangu Jumamosi, na hajamtia machoni hata siku moja. Bi. Shamso akashtuka. Hata usiku? Mama mkwe akasema hata usiku.

Kila neno kweli tupu. Bi. Shamso, ambaye hajui nthoni wala haijamfika, akasema pole sana mama, na binti yako pia, hakujua kuwa ni mtu wa namna hiyo.

Hapo nikakohoa. Sikukusudia. Bi. Shamso akauliza ni nani huyo. Mama mkwe akasema kuna mwanamume chumbani kwa binti yake, anamsikia kila siku akiingilia mlango wa jikoni, lakini hawajawahi kusalimiana.

Kisha Bi. Shamso, kwa sauti ya mtu anayefunga faili, akasema basi ameamua. Yule mwingine, Okoth, laini yake ina shughuli tangu saa kumi, inaonekana hata nyumbani haachi kazi. Atamtumia dereva amwite. Akakata.

Mimi sikuweka simu chini. Wala mama mkwe hakuweka. Nilimsikia akihema, na upepo ule ule wa Jumatano nikaujua. Halafu akasema taratibu, kana kwamba anaiambia simu yenyewe, kwamba chapati zilikuwa mbili. Akaweka chini.

Nimevua tai. Nimelia kidogo, siyo sana. Miaka kumi na minne.

Jumamosi, 8 Juni

Nthoki ameelezwa yote na mama yake. Hakunipigia kelele, na hilo ndilo lililonitisha. Amesema nitanunua blanketi la kumwomba mama yake radhi, zito, la rangi atakayochagua mwenyewe, na kwamba Jumatatu yeye Nthoki atakwenda kwa Bi. Shamso kumweleza kwamba ana mume mmoja.

Munyoki amepiga kuuliza kama nimepata kiti. Anasema aliyepokea kwa Okoth ni mkewe, Phelister, na hakuhitaji kushikwa, yeye ndiye alimshika Munyoki. Ni mtu mzuri sana na ameahidi kuja kwenye harambee ya kwaya, harambee ambayo haipo.

Jumapili, 9 Juni

Baada ya kanisa Okoth alikuja, kupitia mlango wa jikoni, kwa heshima ya mgeni wetu. Ameleta soda kreti nzima. Akasema bila mimi masjala haitamshinda tu, itamzika, na kwamba wiki hii atampigia Bi. Shamso kumpendekeza mtu wa kuwa msaidizi wake. Hakusema ni nani. Nilimpongeza kwa moyo, karibu wote.

Kisha akauona waya wangu juu ya mlango. Akausifu. Akauliza ni fundi gani. Nikamwambia fundi ni mimi. Akaniomba kesho jioni nikamfungie wa kwake, chumbani, maana Phelister haachii ile ya sebuleni.

Nimekubali mara moja. Nimepima kwa macho: kutoka dirisha la chumba chake hadi la kwangu ni ukuta wa maua tu na kamba ya kuanikia nguo. Nikivuta nyaya mbili zaidi chini ya ile kamba, hadi kwenye hii simu nyekundu, nitajua jina la msaidizi kabla ya mtu yeyote, na likiwa si langu nitakuwa na siku nzima ya kurekebisha. Nimemwambia Nthoki. Amezima taa, naandika kwa tochi. Ni rahisi sana. Mimi nitawasikia, wao hawatanisikia.