Fimbo ya Mfalme Kwenye Beseni la Nepi

Jumatatu, 3 Machi
Bonge, miezi minane, ameamua usingizi ni wa wajinga. Mimi nimeamua kuacha kushona viraka vya watu. Wifi ana mashine ya kunusa vyuma ardhini, aliyorudi nayo mumewe alipotoka machimboni. Kaniazima wiki moja, kwa rehani ya cherehani yangu. Jumapili nisipokuwa na cha maana, cherehani ni yake. Ana roho nzuri sana wifi yangu. Baba Bonge kauliza tutakula nini. Nimemwambia asiniletee kisirani.

Jumanne, 4 Machi
Asubuhi maji hakuna. Bwana maji kafunga ili azibe bomba linalovuja, jioni atafungua.
Nimetoka, Bonge mgongoni. Vizibo vya soda kumi na moja, msumari, kijiko changu mwenyewe. Halafu, nje ya geti la mwalimu mstaafu, mashine ikalia kama Bonge aliyenyimwa nyonyo. Nikachimba. Fimbo nzito ya chuma, juu mpini wa kukingama, chini tundu la pembe nne. Imefungwa vizuri kwenye mfuko wa nailoni.

Jumatano, 5 Machi
Maji bado. Uzembe wa watu wengine huo.
Fundi wa kuchomelea kasema fimbo imetoka kwenye ndege. Nikauliza ndege gani. Akauliza kwani mimi nimeshafungua ngapi. Mwalimu mstaafu kavaa miwani, kaikagua, katamka: fimbo ya mfalme. Nikamkumbusha mfuko wa nailoni. Kasema wafalme walikuwa watu makini. Huyo ndiye msomi.

Alhamisi, 6 Machi
Siku ya tatu. Nepi zimejaa beseni. Fimbo nimeificha chini yake, mwizi na atie mkono. Kwenye foleni ya kisimani nimesema mbele ya wanawake wote kwamba bwana maji afukuzwe kazi. Wamenipigia makofi.

Ijumaa, 7 Machi
Bwana maji kapita nyumba hadi nyumba, macho mekundu. Anaulizia ufunguo wa valvu. Ni mzito, kwa hiyo huwa anaufukia palepale kando ya valvu, nje ya geti la mwalimu, ndani ya mfuko wa nailoni. Miaka kumi na mitano haujapotea. Ofisini hakuna mwingine, na asipofungua leo kazi hana.
Nikamtazama Bonge. Mapaja yote upele wa nepi. Nikatia mkono kwenye beseni. Mtaa mzima ulikuwa getini kwangu, wifi mbele.
Saa kumi maji yakatoka. Nimemwogesha Bonge mpaka kacheka.

Jumapili, 9 Machi
Wifi kaja na cherehani kichwani. Kasema basi wifi, chukua chako, nipe changu, yaishe. Nilikuwa nakubali kabisa. Ila jana nilipita pale kwa valvu, nikaiwasha mashine kidogo tu. Ufunguo haupo, na bado inalia! Inalia kutoka geti la mwalimu mpaka kona, mstari mmoja ulionyooka. Baba Bonge anasema ni bomba. Huyo naye. Mtu alifukia kitu kirefu, tena kwa mpangilio. Wafalme walikuwa watu makini.
Wifi karudi na cherehani, nimemwongezea na pasi, rehani ya wiki nyingine. Sururu nimeazima kwa fundi. Kesho alfajiri naanza.
Ndoo zote nimejaza. Maji ya yule bwana hayaaminiki.