Glasi Nzima ya Maji

Jethro Masese alipata biashara yake mpya akiwa amesimama nje ya duka la dawa pale Suneka, karibu na mji wa Kisii, akila karanga ambazo hakuwa amezilipia.

Ndani ya duka kulikuwa na msichana mwenye chunusi za kutosha watu watatu, na mwenye duka alikuwa akimsomea sheria.

"Hii ni antibiotiki, si peremende. Daktari ndiye anaandika. Akikuandikia, unakunywa kila siku, labda miezi mitatu. Usitegemee kuona kitu wiki ya kwanza. Unakunywa na glasi nzima ya maji, halafu hulali hapo hapo. Jua ulikimbie. Maziwa uyaweke mbali nayo."

Msichana alitoka mikono mitupu, simu sikioni. "Nilienda kununua dawa," akamwambia mtu, "nimepewa amri kumi."

Jethro aliacha kutafuna. Watu, aliona, hawataki dawa. Wanataka kupona. Kati ya hayo mawili pana masharti, na yeye alikuwa mtu wa kuwaondolea watu masharti.

Wiki hiyo hiyo alimpata mtunza stoo mmoja asiyependa maswali, akanunua kwake katoni za doksi, antibiotiki ile ile, ambayo tarehe yake ilikuwa imepita kwa heshima, miezi michache tu. Akazitoa kapsuli kwenye pakiti zake, akazijaza katika vichupa, akabandika karatasi ya dhahabu: NGOZI YA MALAIKA, USWISI. Karatasi za maelezo, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili, alimpa mama wa karanga azifungie bidhaa. Ndivyo alivyolipa zile karanga. Kwa hiyo kwa miezi miwili Suneka nzima ilikula karanga kutoka kwenye karatasi iliyowasihi kunywa glasi nzima ya maji, na hakuna aliyesoma.

Tangazo lake lilikuwa uso wake mwenyewe. Alikuwa na picha ya kidato cha pili, kijana aliyefanana na nanasi, na kando yake alisimama mwenyewe, laini kama yai. Tena picha haikudanganya. Muuguzi mmoja wa Nakuru alimtibu kwa doksi hii hii, kwa uvumilivu, miezi mitatu, akimwita kila mwezi amtazame. Huo ndio ukweli pekee uliokuwa katika biashara hiyo, na Jethro aliutumia kama mwizi anavyotumia ngazi ya mwenye nyumba.

"Daktari Jethro, mwana wa Bobasi," alijitambulisha sokoni. "Nimesomea Uswisi, nimerudi nyumbani kusafisha watu wangu."

Bobasi alikuwa amepita mara mbili, akiwa usingizini. Alizaliwa na kulelewa Nakuru. Baba yake alimwachia jina la Masese na hakumwachia kingine, na Kikisii alichokuwa nacho kingetosha kwenye kiberiti: *bwakire* ya kuamkia watu asubuhi, *mbuya mono*, yaani nzuri sana, wakati wowote, na bei ya ndizi.

Malalamiko yalikuja, lakini malalamiko ni mvua, na Jethro alikuwa bati.

Obwocha, anayechuma chai, alikuja na pua na mikono imeiva. "Daktari, jua la saa nne tu, nimeungua kama hindi."

"Huo ni moto wa chunusi unatoka. Ongeza mbili."

Roselyne wa saluni alisema tumbo linamgeuka kila asubuhi kabla ya chai. Akaambiwa tumbo linaoga. Mzee mmoja alikuwa akiteremsha kapsuli kwa kikombe cha maziwa lala, yale ya kugandishwa, na hakuona tofauti yoyote. "Sasa mzee," Jethro akamwambia kwa huruma, "umeipa maziwa lala, dawa nayo imelala." Mama mwingine alimvuta kando akamnong'oneza kwamba anawashwa mahali ambapo si usoni. Akamjibu kwamba ngozi yote ni moja.

Shida ilianza alipoamka na chunusi kidevuni. Halafu mbili. Muuza sufuria hawezi kupikia mkebe, kwa hiyo Jethro akaanza kumeza mali yake mwenyewe, usiku, kavu, akiwa tayari ameshalala, kwa sababu mchana alikuwa na kazi. Siku ya sita kitu kilimshika kifuani. Kila tonge la ugali lilishuka kama limevikwa miiba. Hata mate yalimuuma.

Alijua anakufa. Kwenda hospitali hakuthubutu, maana swali la kwanza lingekuwa unatumia dawa gani, na Daktari Jethro angeonekana kwenye foleni na wagonjwa wake. Akaamua hivi: auze katoni mbili zilizobaki kwa mkupuo mmoja, arudi Nakuru, akafie kwa madaktari wasiomjua, au akapone.

Ndipo Mokeira akarudi. Huyu alikuwa mwanafunzi wa chuo mjini Kisii, aliyenunua kichupa ili awe na uso wa kupigwa picha kwenye harusi ya dada yake. Sasa sauti yake ilikwaruza. Jethro alijiandaa kumwambia kwamba koo linaoga, lakini msichana hakulalamika. Alishika simu akaongea Kikisii kirefu, na katika mto huo wote Jethro alidaka samaki mmoja: baba. Baba hivi, baba vile.

Mokeira alikata simu. "Baba anasema anazitaka zote. Uzilete nyumbani Magwagwa, Jumapili."

"Zote? Baba ni mfanyabiashara?"

"Baba ana duka la dawa Nyamira."

"Baba yako ni mtu wa maana sana," alisema Jethro. "Nitazungumza naye kiume."

Mokeira alimtazama kidogo. "Si ulisema wewe ni wa Bobasi?"

"Damu na mfupa."

"Sawa basi. Baba atakungoja."

Hapa inafaa tusimame, kwa heshima ya marehemu mtarajiwa. Mtoto wa Kikisii akimwita mzazi wake wa kiume, anasema *tata*. Akisema *baba*, anamwita mama yake. Hili analijua kila mtoto wa Bobasi kabla ya kuota meno. Jethro Masese, miaka thelathini na mmoja, meno yote kinywani, alipakia katoni zake Jumapili asubuhi akaenda kumtapeli mwanamume.

Mwanamume alikuwepo. Mzee Onchiri, mkulima wa chai, mtu wa maneno machache na gambuti safi za mpira miguuni, alimkalisha kwenye kochi lenye vitambaa, mgongo wake ukiuelekea ukuta wa picha. Kwenye kigoda karibu na mlango alikaa mkewe, Nyanchama, leso kiunoni, akichambua chinsaga.

"*Bwakire*, baba," alisema Jethro. Ilikuwa saa nane mchana.

Mzee Onchiri aligeuka akamtazama mkewe.

"Baba, mimi sikuja kuuza. Nimekuja kukupa nafasi. Watu kama wewe, baba, ni wachache."

Kila alipotamka baba, mzee aligeuka kumtazama mkewe, na kila mara mkewe aliendelea kuchambua mboga. Jethro akaona wazi: mzee huyu hawezi kuamua bila mke. Nyumba nyingi ziko hivyo.

"Zinamezwa na nini?" aliuliza Nyanchama kutoka kigodani.

"Mama, hayo ni mambo ya kitaalamu. Niache kidogo na baba."

"Sawa," alisema Nyanchama. "Mimi nachambua mboga."

Mokeira alileta chai, viazi vitamu na ndizi. Jethro alimeza kipande cha kiazi, machozi yakamlengalenga. Nyanchama alisita na jani mkononi, akamtazama koo, kisha akaendelea.

Mzee Onchiri alisema ng'ombe amejisokota kamba, akatoka. Jethro alisogea mbele ya kochi.

"Mama, naona hapa mwenye neno ni wewe. Nisaidie na mzee, na wewe hutakosa kitu chako."

"Nitamwambia nini? Mimi sielewi hizo dawa za Uswisi."

Kuna udhaifu mmoja wa wajanja ambao haujapata tiba: hawana wa kuwasifu. Fundi seremala anasifiwa kwa kabati lake. Tapeli akifanya kazi safi, hakuna anayejua. Jethro alikuwa amefanya kazi safi kwa miezi miwili, peke yake, na mbele yake alikaa mama mwenye masikio mawili yaliyofunguka.

"Uswisi gani, mama," alicheka. "Hii ni doksi tu. Ile ya kawaida."

"Haiwezekani."

"Kweli. Tarehe ilikuwa imepita. Nikatoa pakiti, nikatia kwenye vichupa, nani ataona tarehe? Hiyo karatasi ya dhahabu nimechapisha mjini Kisii."

"Wewe una akili sana."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo. Akamweleza Obwocha na jua, akamweleza maziwa lala, akamwiga yule mama wa kuwashwa, hata sauti.

"Na ikimdhuru mtu?" aliuliza Nyanchama.

"Mama, mpaka idhuru, mimi niko Nakuru."

Nyanchama aliweka ungo chini, akapangusa mikono kwenye leso. Mzee alikuwa ameshaingia, amesimama mlangoni.

"Nimekubali," Nyanchama alimwambia mumewe. "Tuandikiane."

"Baba asome kwanza," alisema Jethro kwa adabu.

"Baba ataandika," alisema mzee. Alisema hivyo tu, akampa mkewe kalamu.

Nyanchama aliandika ukurasa mzima, haraka, bila kufuta. Akamsukumia Jethro. "Nimeandika kwa lugha ya kwetu, kwa kuwa wewe ni wa Bobasi."

Jethro alitazama karatasi. Aliona jina lake, akaona namba mbili, akaona msitu. Mokeira alikuwa amesimama na birika, akimtazama machoni. Kukiri kwamba hawezi kusoma kulimaanisha kukiri kwamba si wa Bobasi, na kama si wa Bobasi, basi labda si daktari. Alipitisha macho mstari kwa mstari, polepole. Mahali pamoja akaitikia kwa kichwa, kama mtu aliyekutana na hoja nzuri.

"Iko sawa kabisa," alisema. "*Mbuya mono*." Akatia sahihi na namba ya kitambulisho. Mzee akatia yake kama shahidi. Nyanchama akampa bahasha ya kaki, nene.

Jethro hakungoja. Aliifungua hapo hapo, akavuta kilichomo, na mkononi akabaki na karatasi moja iliyokunjwa mara nyingi, yenye mafuta ya karanga. *Meza kwa glasi nzima ya maji ukiwa umekaa au umesimama. Usilale mara moja baada ya kumeza.*

"Mokeira alinunua karanga Suneka," alisema Nyanchama. "Niliisoma, nikatazama kapsuli zake, nikajua umempa nini mtoto wangu. Alimeza kavu, kitandani, wenzake wasione. Siku tatu hakumeza hata uji. Mokeira, msomee daktari alichotia sahihi. Kwa Kiswahili."

Mokeira alisoma kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Mimi, Jethro Masese, ambaye si daktari, nimeleta katoni mbili za dawa zilizopitwa na wakati ili zikaharibiwe. Nitawafuata wote niliowauzia, nitawarudishia chao, na nitawaeleza ukweli."

Jethro alimgeukia mzee. "Baba, wewe ni mwanamume mwenzangu—"

"Mimi ni tata," alisema Mzee Onchiri, akichukua kiazi. "Baba ndiye huyo."

Hapo Jethro aligeuka kutazama ukuta aliokuwa ameupa mgongo mchana kutwa. Katikati ya picha za ubatizo kulikuwa na cheti chenye fremu: Stashahada ya Famasia, Nyanchama Onchiri.

"Unaweza kwenda," alisema Nyanchama. "Karatasi itafika polisi kabla hujafika stendi. Au siku ya soko nikukute Suneka, tuzunguke pamoja. Chagua, mboga yangu inanyauka."

Jethro alisimama, akakaa tena. Uso wake wa yai ulikuwa umevunjika. "Mama," alisema kwa sauti ya chini, "kuna mtu mwingine anayemeza hizi. Anaumwa kifuani siku nane. Hata mate. Huyo mtu anakufa?"

"Anameza kavu?"

"Ndiyo."

"Amelala?"

"Ndiyo."

"Hafi. Amechomwa umio na kapsuli, kama mtoto wangu, na amestahili kuliko mtoto wangu. Aache leo hii. Kesho aende hospitali akatazamwe, apange foleni kama watu. Na aseme anachomeza, asidanganye." Alimmiminia maji kwenye glasi kubwa ya mgeni, akaiweka mezani. "Kunywa. Yote."

Akanywa yote, akiwa amekaa wima, mbele ya watu watatu.

Siku ya soko walizunguka. Jethro alirudisha mpaka mifuko ikalegea, akauza simu, akaendelea kurudisha. Obwocha alipokea chake akamwambia avue kofia ili jua nalo limfikie. Yule mama wa kuwashwa Nyanchama alimpeleka kando mwenyewe, wakazungumza, na mama akarudi akiwa amepumua.

Jioni walikuwa wakipita kwa mama wa karanga pale msichana mmoja alipomkimbilia Jethro. Alikuwa yule yule wa amri kumi.

"Daktari! Nimekutafuta. Zile za Uswisi bado ziko?"

Jethro alimtazama Nyanchama. Nyanchama alitazama ndizi za mtu mwingine.

"Hazikuwa za Uswisi," alisema Jethro. "Na mimi si daktari. Nenda hospitali wakuone. Wakikuandikia dawa, ni kila siku, labda miezi mitatu, na uwe na subira. Glasi nzima ya maji. Usilale hapo hapo. Jua ulikimbie."

Ulikuwa ushauri wa kweli wa kwanza aliowahi kuutoa katika soko lile, na aliutoa vizuri. Msichana alimpima kutoka viatu hadi kofia.

"Mama, umesikia huyu?" alimwambia mama wa karanga. "Dawa zake amewawekea wenye pesa, sisi anatupa hadithi. Tapeli mtupu."

Akanunua karanga, akazila zote akienda zake, na karatasi akaitupa bila kuisoma.